Kuota pasi, jokofu na vyombo vya ndani: kabla hujatoa hela ya tafsiri

Mkuu, umesema umeota mara tatu pasi inawaka yenyewe wakati haijachomekwa, na jirani kakwambia huo moto ni husuda ya mtu wa karibu, utafute wa kukuzindika. Subiri kwanza. Mimi hela yangu ilishaliwa kwa ajili ya jokofu.

Nauza barafu za ubuyu na ukwaju nyumbani, Temeke. Mwaka juzi, wiki nzima, nikawa naota jokofu langu linakohoa. Linakohoa kabisa, kama mzee mwenye pumu: linaguna, linavuta, linakata. Nalifungua, barafu hakuna, kuna kanga za mama zimekunjwa, zina joto kama zimeanuliwa sasa hivi. Na mama ugonjwa wake ni kifua. Naamka jasho linanitoka.

Nikaenda kwa mtu anayesifika kwa kuagua ndoto. Hata hakuniuliza nafanya kazi gani. Jokofu ni jeneza, kanga ni sanda, lete elfu thelathini na kuku. Nikatoa. Hela nilishaisahau, ila yule kuku alikuwa mtetea anayetaga.

Siku chache baadaye barafu zikagoma kuganda. Fundi akalivuta jokofu, akafungua nyuma penye kompresa, akachomoa kidude kidogo kuliko kibiriti, akakitikisa karibu na sikio langu. Kikachakarika kama njugu kwenye ganda.

"Relei ya kuwashia kompresa imeungua, dada. Kompresa inaguna, inashindwa kuanza, kinga inakata. Baada ya muda inajaribu tena. Usiku hukuwa unasikia?"

Nilikuwa nasikia, ila usingizini! Jokofu liko hatua tatu kutoka kitandani. Sauti ya chumbani huwa inapenya ndotoni na kuvaa sura nyingine. Hata adhana ya alfajiri inaweza kukugeukia mtu anakuita kwa jina. Na kanga? Wiki ile ndiyo nilikuwa nikimfulia mama. Mama mwenyewe yupo, jana tu kanisema kwa kutompigia simu.

Kuna mwingine hapo juu kaandika kwamba Ibn Sirin, yule mwanachuoni wa Kiislamu anayesifika kwa kufasiri ndoto, kasema jokofu ni riziki iliyozuiwa. Jamani, Ibn Sirin wa Basra alifariki mwaka 729! Jokofu kaliona wapi? Tena kisa chake maarufu kinasimulia watu wawili walioota kitu kimoja, kwamba wanaadhini. Mmoja akamwambia atahiji, mwingine akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Alimwangalia mwotaji, hakuangalia orodha. Na hadithi ya Mtume inataja ndoto za aina tatu: bishara kutoka kwa Mungu, huzuni ya shetani, na yale mtu anayojisemesha mwenyewe nafsini. Hawa wa kuku hii ya tatu hawaitaji kabisa, maana haina malipo.

Kwa hiyo anza na pasi yenyewe. Kagua waya pale shingoni unapojikunja kila siku, ndipo unapokatikia. Nusa soketi. Kumbuka kama umewahi kutoka nyumbani ukarudi mbio kuangalia kama uliizima.

Ila sisemi kila ndoto ni relei. Marehemu baba alikuwa dobi, na pasi yake ilikuwa ya mkaa, ile yenye kijogoo kwenye komeo. Tuliiuza kwa watu wa chuma chakavu baada ya arobaini, na nilikubali kwa mdomo tu. Naiota mara mojamoja, nyumba kimya, hata umeme umekatika: kijogoo kinang'aa, kuna harufu ya mkaa na ya nguo iliyonyunyiziwa maji. Hiyo sijaipeleka kwa fundi wala kwa mwaguzi.

Hujatuambia bado: pasi unayoiota ni hiyo uliyonayo ndani sasa, au ilikuwa ya mtu?