Pima Kwanza, Ndipo Useme: Kwa Wanaoanza Kazi ya Mazingira Pwani

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamia upandaji wa mikoko, yaani miti inayoota kwenye maji ya chumvi ufukoni, katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Tanzania. Tulikuwa na magunia ya mbegu za mkoko wenyewe, aina moja tu ya miti hiyo; ni zile mbegu ndefu za kijani ambazo huota zikiwa bado zimening'inia juu ya mti mama, na ambazo hata mtoto anaweza kuzichomeka kwenye tope bila kufundishwa. Tulizichomeka kwa mistari iliyonyooka kwenye tope tupu linalotazama bahari, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, mawimbi yaling'oa nyingi, na zilizobaki zikafukiwa na mchanga. Siku ileile ya kupanda, mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza karibu nasi alituambia, "Wanangu, hapo ni mahali pa mlilana, mkoko haukai." Nilimshukuru kwa adabu, kisha nikaendelea na kazi, kwa kuwa fomu ya mradi iliuliza jambo moja tu: idadi ya miche iliyopandwa.

Wewe unayeanza, jifunze miti hii kwa majina ambayo wenyeji wanaiita, maana ndani ya majina hayo mna elimu nzima ya ikolojia. Mlilana husimama mbele na kupokea mawimbi. Nyuma yake huja mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na mchu huvumilia hata sehemu za nyuma ambako maji hufika mara chache na chumvi hujikusanya juu ya udongo. Mpangilio huo unatokana na muda ambao ardhi hufunikwa na maji, kiasi cha chumvi na nguvu ya mawimbi, na tofauti ndogo ya kimo ambayo macho hayaioni yaweza kuamua kama mche utaishi. Kwa hiyo, kabla ya kupanda, uliza kwanza kwa nini pale hapana miti. Ikiwa mkondo wa maji ulizibwa na barabara au bwawa la chumvi, ukiuzibua mara nyingi mbegu zitaletwa na maji yenyewe na msitu utarudi bila mistari yako.

Somo la pili nililipata Unguja, kwa wakulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki kama Paje, na wengi wa wakulima ni wanawake. Wanalima aina mbili, spinosumu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini ndiyo isiyostahimili joto: ncha zake hugeuka nyeupe, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Nilipofika huko nilikuwa na takwimu za setilaiti za joto la bahari, na nikashangaa kwamba hazikuonyesha jambo la kutisha. Mkulima mmoja alinishika mkono akaniingiza kwenye maji ya magotini, katikati ya kamba zake, wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Kwenye pwani hiyo maji ya bamvua hupwa kabisa kuelekea saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa linapanda, na katika miezi ya joto ya kaskazi maji machache yanayobaki juu ya mchanga huchemka kama ya kuogea. Setilaiti hukupa wastani wa eneo pana la bahari, ilhali mwani unaishi ndani ya yale maji ya magotini. Tangu siku hiyo siendi uwandani bila kipimajoto, na sitoi tarakimu bila kuandika imepimwa wapi, saa ngapi na maji yakiwa katika hali gani.

Wataalamu walishauri kwamba kotonii ihamishiwe kwenye maji ya kina, kwa kamba za kuelea, na kwa upande wa sayansi ushauri huo ulikuwa sahihi. Hata hivyo, maji ya kina yanahitaji chombo na yanahitaji kujua kuogelea, na wengi wa akina mama hao hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba athari za mabadiliko ya tabianchi hazikomei kwenye nyuzi za joto. Zinafika kwenye bei ya kilo, kwenye nani anamiliki ngalawa, na kwenye nani ataruhusiwa kwenda mbali na ufuko. Naamini kwa dhati kwamba mwanafunzi wa sayansi ya mazingira asiyejifunza kuuliza maswali haya amesoma nusu ya fani yake.

Jihadhari pia na kuibebesha tabianchi kila mzigo. Mbele ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa ambacho zamani kilikuwa na mivinje na fukwe walizotagia kasa, na ambacho leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Wengi hukitaja kama ushahidi wa kupanda kwa kina cha bahari, na bahari kweli inapanda. Lakini ukataji wa miti iliyoshikilia mchanga ule nao umetajwa miongoni mwa sababu. Kadhalika kisima cha pwani kinapogeuka chumvi, uliza pia kuhusu pampu za jirani na maji ya mto yaliyopungua. Ukitaja sababu isiyo yenyewe, kijiji kitatumia miaka kutibu ugonjwa ambao hakina.

Kuhusu ajira, nafasi zipo nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka maofisa mazingira katika halmashauri, na inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa, kazi inayofanywa na wataalamu waliosajiliwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Zipo Mamlaka ya Hali ya Hewa na hifadhi za bahari, na sasa kuna miradi ya kaboni, kama ule wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kenya, ulioanza mwaka 2013 na unaouza hati za hewa ukaa iliyofyonzwa na miti, ambao msingi wake ni watu kupima unene wa mashina, mti kwa mti. Jifunze takwimu na ramani za kompyuta. Programu ya QGIS, ya kutengeneza ramani hizo, hailipiwi. Jizoeze pia kuandika ripoti ya kurasa mbili kwa Kiswahili, ambayo mwenyekiti wa kijiji ataisoma mpaka mwisho.

Unapoomba mafunzo kwa vitendo, chagua kituo chenye kumbukumbu za muda mrefu, hata kama hakina magari mapya, na uombe kukabidhiwa kipimamvua. Husomwa kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Siku ambayo hukufika kusoma, weka alama ya kukosa, wala usiandike sifuri, kwa sababu wastani wa hali ya hewa hukokotolewa kwa miaka 30, na atakayelifungua daftari lako wakati huo hatakuwa na njia nyingine ya kujua kama siku ile mvua haikunyesha au wewe ulikuwa safarini.