Moto Ukishapita, Omba Majani

Juzi usiku kijana mmoja wa Kaliua, Tabora, kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Moto umepita kwetu jana. Ng'ombe sita wamekufa, wamebaki kumi na wanne, malisho yote jivu. Kuna dalali anataka kuwachukua wote kwa mkupuo. Nifanyeje?"

Nikamjibu neno moja: Usiuze. Kisha nikakaa kitandani nimeshika simu mpaka mama watoto akauliza nani kafariki.

Mimi moto kama huo ulinipata Septemba 2019. Kwetu Uyui mwezi huo nyasi zinalia ukizikanyaga, na kila mtu ana kiberiti: mrina asali ana mwenge wake, mchoma mkaa ana tanuri, mwenye tumbaku anasafisha shamba, na mfugaji naye (ndiyo, sisi wenyewe) anachoma ili yachipue majani mabichi. Wa kwetu ulianzia kwenye mzinga. Hata mti naujua. Mrina mwenyewe ni ndugu, tukayamaliza kwa wazee, basi.

Mwano, yowe la kuitana kwenye hatari, ulipigwa saa nane mchana. Upande wa nyumba tuliuwahi kwa matawi mabichi. Upande wa ngitili, malisho tunayoyatunza kwa ajili ya kiangazi, hatukuwahi. Niliwakuta ng'ombe tisa wamekufa kwenye kona ya ua wa miiba, wamebanana, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Ng'ombe wangu mweupe wa maziwa alikuwa amesimama pembeni, nikashukuru Mungu, nikainama kumtazama. Chuchu zilikuwa nyeusi, zimekakamaa kama kokwa za ukwaju.

Wale tisa niliwafukia jioni ileile kwenye shimo la zamani la moramu. Niliona aibu, sijui kwa nini, kana kwamba mimi ndiye niliyewasha.

Siku ya tatu kamati ya msaada ikaja na daftari. "Mizoga iko wapi, mzee?" Nikawaonyesha udongo. Mmoja wao akatabasamu: "Udongo hauna pembe." Sikuandikwa. Nilisikia baadaye wengine walisema nina kibanda cha duka mjini, njaa haiwezi kunipata. Unga na mablanketi waligawiwa wenzangu, nami sikuuonea wivu huo unga. Ila ile kauli ya pembe, mpaka leo nikikutana na yule bwana mnadani navuka upande wa pili.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usizike kabla hujapiga picha. Kila mzoga, chapa au hereni ionekane, mwenyekiti na bwana mifugo wawepo na waweke sahihi. Februari 2024 kule Texas, Marekani, moto wa Smokehouse Creek ulianzia kwenye nguzo ya umeme iliyovunjika ukala zaidi ya ekari milioni moja, na maelfu ya ng'ombe wakafa. Wenzetu wana mpango wa serikali unaomlipa mfugaji asilimia 75 ya bei ya soko kwa mnyama aliyekufa kwa janga kama hilo, na hata wao bila ushahidi hawalipwi.

Lakini kilichonigusa kwenye habari zile ni malori. Wafugaji wa majimbo mengine walipakia marobota ya majani makavu wakayapeleka kwa wenzao walioungua. Majani! Kwetu ukitaja msaada mtu anawaza sembe. Watu tutakula, na ng'ombe je?

Maana kilichonimaliza mimi ni siku zilizofuata. Nilinunua pumba na mashudu kwa hofu, nikawamwagia wenye njaa ya siku nne. Wawili wakajaa matumbo wakafa. Bwana mifugo alinigombeza kama mtoto: majani makavu kwanza, pumba kidogo kidogo. Watano nikamuuzia dalali kwa laki mbili mbili. Desemba ng'ombe kama wale walienda laki saba. Usiuze, nakwambia. Usiuze ukiwa bado unanuka moshi.

Kilichoniokoa ni simu moja niliyoichelewesha wiki nzima kwa kiburi. "Shemeji, sitaki hela. Nataka majani ya mpunga." Shemeji yangu wa Nzega akacheka mpaka akakohoa, kisha akaja na fuso limejaa mpaka juu. Ya nini nilichelewa?

Kwato zikague kila asubuhi kwa wiki mbili au zaidi. Ukiona kwato inaachia pale juu inapokutana na ngozi, huyo mwite bwana mifugo, hatapona kwa maombi.

Na kosa ninalolijutia kuliko mizoga: wiki ya tatu majani yalichipua bila mvua, kijani kinavutia, nikawafungulia. Nyasi ile inachipua kwa akiba ya mizizi. Ukiilisha ikiwa na urefu wa vidole viwili umekula malisho ya mwakani. Mvua za Novemba zilipoanza, upande ule ukatoa vichaka na magugu, na mpaka leo haujakaa sawa.

Leo nina thelathini na wanane, namshukuru Mungu na mgongo wangu. Lakini tuambiane ukweli, wafugaji tumezidi uvivu. Barabara ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto, kuzunguka ngitili, hatua kumi upana, mwezi wa tano nyasi zikiwa bado mbichi, ni kazi ya siku mbili kwa plau na maksai. Siku mbili! Tunakaa kijiweni kubishana Simba na Yanga, kisha Septemba tunapiga mwano. Na wewe unayechoma kiholela, Sheria ya Misitu ipo tangu 2002 na inataka kibali. Hata ukikwepa mtendaji, utawatazamaje majirani?

Yule kijana kanijibu leo asubuhi. Dalali kamrudisha. Kapiga picha zote sita, mwenyekiti kasimama pembeni kashika kofia. Chini ya picha kaandika: "Kaka, huyo shemeji wa Nzega bado ana fuso?"

Nimemtumia namba.