Mnyauko wa nyanya: bakteria wawahi mizizi kabla ya fangasi

Mara ya kwanza kutumia bakteria wa udongo, nilikuwa nimeshachelewa. Nyanya zimefunga vichala vya kwanza, majani ya chini yamekuwa manjano upande mmoja tu wa mmea, na mchana zinalegea ilhali udongo umelowa. Nikamwagilia kila shina mchanganyiko wa maji na bakteria hao. Mistari miwili ilikufa yote.

Nilitaka wawe tiba, na hapo ndipo nilipokosea. Fangasi wa fuzari huingilia mizizini na kuziba mishipa inayopandisha maji. Akishafika humo, bakteria waliobaki udongoni hawamfikii. Wao ni walinzi wa mzizi. Bakteria aitwaye *Bacillus subtilis* hutoa kemikali zinazotoboa utando wa seli za fangasi, mwenzake *Pseudomonas fluorescens* humnyang'anya madini ya chuma, na wote huuzindua mmea ujiandae kujikinga.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unapambana na fuzari. Kata shina la mmea unaonyauka karibu na ardhi, kisha libandue ganda: ukiona michirizi ya kahawia ikipanda juu, huenda ni fuzari. Halafu ning'iniza kipande kingine kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa mwingine kabisa. Mimi sipandi tena bila kujua kilichoua nyanya za msimu uliopita.

Siku hizi naanzia kitaluni. Namwagilia miche ikiwa na majani mawili ya kweli, na siku ya kupandikiza nachovya mizizi kwenye mchanganyiko, jioni, jua likishapoa, udongo ukiwa na unyevu. Natumia maji ya mvua, kwa sababu klorini huua bakteria. Dawa za kopa (shaba) sizimwagi kabisa kwenye mashina, kwa sababu hiyohiyo. Samadi naweka iliyoiva tu. Bakteria nao wanahitaji chakula.

Mbegu za fuzari hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo bado nachagua aina za nyanya zinazostahimili, na udongo wenye asidi nauwekea chokaa hadi pH, yaani kipimo cha asidi, ikaribie 6.5 au 7.

Mche mmoja mmoja bado hunyauka. Naung'oa siku hiyohiyo pamoja na mizizi yake, nauchoma nje ya shamba, kisha naosha jembe kabla sijagusa mstari unaofuata.