Kabla Hujajiunga, Uza Kopo Moja

Ukialikwa kwenye "mkutano mfupi wa biashara" karibu na Moi Avenue hapa Mombasa, saa kumi na moja jioni, na aliyekualika hataki kusema kwenye simu biashara yenyewe ni ipi, hiyo tayari ni dalili. Mwenye duka la nguo Marikiti hakufichi kwamba anauza nguo. Nenda ukitaka, chai yao huwa nzuri, lakini M-Pesa usiiguse siku hiyo, hata wakikuambia nafasi zinakwisha usiku huohuo. Hazikwishi. Wiki ijayo watakuwa ukumbi uleule.

Nazungumzia biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa huku ukiingiza wanachama wengine chini yako. Mimi nilikaa humo miezi kumi na mmoja. Kampuni siitaji, maana nikiitaja mtadhani ni hiyo peke yake. Nilianza na kifurushi cha shilingi 14,000: makopo ya unga wa lishe, dawa za meno, sabuni. Kisha kila mwezi ilinibidi ninunue bidhaa za 5,000 ndipo nihesabiwe kuwa "niko hai". Ilinichukua muda kuelewa kwamba mteja mkubwa wa kampuni ile nilikuwa mimi mwenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, ndugu yangu. Usiulize "hii ni piramidi?", yaani ule utapeli ambao pesa hutoka kwa wanaoingizwa, si kwa bidhaa. Watakujibu si piramidi, na watakuonyesha cheti. Uliza: nani ananunua bidhaa hizi bila kuwa mwanachama? Mwaka 1979 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliamua kwamba Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si piramidi, na kilichoisaidia ni kanuni zake: muuzaji awe ameuza asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kuagiza tena, awe na wateja kumi wa rejareja kwa mwezi, na anayetoka arudishiwe pesa za bidhaa zilizobaki. Mwaka 2016 tume hiyohiyo iliibana Herbalife, kampuni nyingine ya namna hiyo, ilipe dola milioni 200 na ibadilishe mfumo wake, malipo yafuate mauzo ya kweli. Kwa hivyo omba mkataba, ukausome nyumbani, utafute kifungu cha kurudisha bidhaa. Mimi sikukitafuta.

Halafu omba kopo moja ukauze. Usimpelekee shangazi wala shemeji. Mpelekee mtu asiyekuonea haya. Langu nililipeleka Mwembe Tayari kwa mama mmoja wa viazi karai. Akapangusa mikono, akaligeuzageuza, akaona bei: 2,300. "Mwanangu, lina nini hili ambacho uji wa wimbi hauna?" Nikaanza kumsomea maneno niliyofunzwa. Akaniacha nimalize, kisha akarudi kwenye karai lake.

Nilipaswa kuacha siku ile. Badala yake nikawaendea jamaa. Shangazi yangu wa Likoni alinunua dawa ya meno kwa 650. Siku ya Idi nikaenda kwake, nikaiona kabatini haijafunguliwa, kando ya ile ya dukani iliyokamuliwa hadi mkiani. Hakusema neno, nami sikusema. Pesa zile zilikuwa sadaka, mimi nikaziandika kama mauzo.

Msemaji atakuchorea ubaoni: wewe uwalete sita, kila mmoja alete sita. Toa simu ufanye hesabu hapohapo: 6, 36, 216, 1,296, 7,776, 46,656, 279,936. Safu ya nane inataka watu 1,679,616. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima ya Mombasa, vitoto vichanga vya Kisauni vikiwemo. Na wakikuambia hii ni kama mchezo wa kina mama, wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, wakatalie. Mchezo unajua zamu yako ni lini.

Cheti cha usajili kinathibitisha kwamba kampuni ipo, basi. Majina ya wakurugenzi utayapata kwenye hati iitwayo CR12, inaombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Bidhaa za kula ziangalie alama ya KEBS, shirika la viwango. Na anayedai majani yake yanaponya kisukari, muulize kama yamesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Akimwambia mzee wako aache dawa za hospitali, mtoe nje. Hapo sina mzaha.

Picha ya gari la mtu mmoja si taarifa ya mapato. Omba taarifa ya mapato ya wanachama wote. Mwaka 2024 maafisa wa FTC walipitia taarifa za namna hiyo za kampuni 70 za biashara ya mtandao, wakaona kwamba wanachama walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na taarifa nyingi hazikuzihesabu gharama zao.

Gharama zangu nilizihesabu mwenyewe, kwenye daftari, nilipokuwa nishachelewa. Kifurushi na manunuzi ya kila mwezi: 69,000. Nauli ya matatu, kiingilio cha semina na bando: 9,400. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, hiyo sikuiandika. Upande wa pili, mauzo 21,300 na kamisheni 16,250. Nimepoteza 40,850, na jioni zangu sikuzitia bei.

Namjua mama mmoja Mikindani anayepata riziki kwenye biashara hizi, lakini yule hata mchanga wa pwani angeuuza. Ana wateja wa sabuni waliomzoea, na habari ya kuingiza watu haimshughulishi. Kama wewe ni mtu wa namna hiyo, jaribu.

Kigumu kwetu huku ni kukataa, kwa sababu anayekualika ni binamu, au mtu mliyesoma naye madrasa. Usimkwepe simu. Mwambie: "Nitakuunga mkono kwa sabuni moja, lakini jina langu usiliandike." Akiichukua pesa ya sabuni akashukuru, ana biashara. Akiiona haina maana na kurudi kwenye habari ya kujiunga, umeshajua anachouza ni nini.