Wadogo zangu mnaoanza chanzo huria, fanyeni kazi hadharani

Awamu mpya ya Outreachy, mpango unaowalipa wageni wajifunze kazi kwenye miradi ya chanzo huria, yaani programu zenye msimbo (maagizo yanayoziunda) ulio wazi kwa wote, imefunguliwa na ujumbe wa faragha umeanza tena kumiminika. "Samahani dada, nina swali la kijinga, sikutaka kuliuliza mbele za watu." Maswali yenyewe si ya kijinga hata kidogo, mengine yamefichua hitilafu za kweli ambazo sisi wenyeji tumezizoea hadi hatuzioni. Ila yanakuja kwa mlango wa nyuma, nami nimeona mara nyingi mno njia hiyo inaishia wapi. Basi naandika, kwa upendo, na kwa subira ambayo imeanza kupungua.

1. Uliza kwenye tiketi, yaani ukurasa wa hadharani wa mradi wa kujadili hitilafu au swali moja. Jibu likibaki pale, litamfaa na atakayekuja mwakani, na mlezi anayechagua waombaji ataona jinsi unavyofikiri.

Najua kwa nini mnajificha, hasa wanawake. Mwaka 2006 mradi wa GNOME, unaotengeneza sura ya kompyuta za Linux, ulipokea maombi 181 ya Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi waandike programu huria, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. Walipotangaza nafasi maalumu kwa wanawake, wakajitokeza zaidi ya 100. Wenye uwezo walikuwepo muda wote, na mpango ule ndio uliokuja kuzaa Outreachy. Hata hivyo, katika uchunguzi wa mwaka 2017 wa GitHub, tovuti ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, wanawake walikuwa asilimia 3 tu ya wachangiaji waliojibu. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti juu ya maombi ya kuunganisha msimbo, yaani mtu kuomba mabadiliko yake yaingizwe kwenye mradi: ya wanawake yalikubaliwa kwa asilimia 78.7, ya wanaume asilimia 74.6. Lakini kwa wale waliokuwa wageni katika mradi, na jinsia yao ikaonekana waziwazi, kiwango cha wanawake kilishuka hadi chini ya cha wanaume. Kwa hiyo hofu yenu ina msingi. Mimi pia nilikuwa nayo, na nililipa.

2. Kiraka chako, yaani mabadiliko uliyoyaandika kwenye msimbo, kiingie na jina lako. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa mgeni niliona mchangiaji mwenzangu, mwanamke, akihojiwa kila mstari wa kiraka chake kana kwamba ameiba mahali. Nikaapa hayatanikuta. Nilipogundua kwa nini programu yetu ilikuwa inakatika kila ikikutana na majina ya mafaili yenye herufi zisizo za ASCII, yaani nje ya zile za kawaida za Kiingereza, nikaandika suluhisho pamoja na majaribio yake, kisha nikamtumia msimamizi mmoja faraghani. Alikuwa mtu mwema, na bado naamini hivyo. Nilimpa matokeo ya git diff, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo) inayoonyesha mabadiliko tu, na matokeo hayo hayabebi jina la mwandishi. Akayabandika kwenye mashine yake, akafanya komiti, yaani akayaweka kwenye historia ya mradi, na Git ikaandika jina lake. Ningetumia git format-patch, naye akapokea kwa git am, jina langu lingeingia bila mtu kuombwa fadhila. Niliona kosa lile jioni ileile, nikaona haya kusema. Nikajiambia kilicho muhimu ni programu kufanya kazi.

Nikaendelea hivyohivyo, kiraka baada ya kiraka, kupitia kwa mtu yuleyule. Kisha ukafika wakati wa kuchagua watakaopewa haki ya kuandika kwenye hazina kuu, mahali msimbo rasmi wa mradi unapohifadhiwa. Jina langu lilipotajwa, mtu akapekua historia na kukuta marekebisho ya tahajia kwenye mwongozo, basi. Akauliza, kwa adabu kabisa, nimefanya nini hasa. Msimamizi yule alikuwa ameshaacha mradi. Ushahidi wangu ulikuwa kwenye mazungumzo ya watu wawili, na mmoja wao hayupo. Sikufungua mdomo. Haki ile akapewa mwingine, mchangiaji mzuri, ambaye sehemu ya kazi yake ilisimama juu ya msimbo wangu. Bado inaniuma.

Msimamizi akikosea, mwambie siku hiyohiyo, kabla komiti haijasambaa. Utambulisho wa komiti hukokotolewa pamoja na jina la mwandishi, kwa hiyo kubadilisha jina baadaye ni kubadilisha historia ambayo nakala za wengine zinaitegemea, na miradi mingi itakataa. Mkiandika wawili, mstari wa Co-authored-by mwishoni mwa ujumbe unatosha. Kuuomba si kiburi.

3. Chagua jina na barua pepe kabla ya komiti ya kwanza, kwa sababu vyote viwili vitaonekana na kila mtu. Si lazima liwe jina la kwenye kitambulisho. Mradi ukitaka jina halisi, uliza mapema wanamaanisha nini. GitHub hukupa anwani ya kuficha barua pepe yako, itumie. Na wewe uliyebadilisha jina, pengine kwa sababu jinsia uliyoandikiwa siyo yako, kuna faili la .mailmap: huonyesha jina lako la sasa kwenye kumbukumbu bila kugusa historia. Lakini jina la zamani hubaki humo ndani, na kulitaja kwenye faili hilo kunaweza kulitangaza, kwa hiyo amua ukijua.

4. Kanuni za maadili zisome kuanzia sehemu ya malalamiko. Miradi mingi imenakili Contributor Covenant, kielelezo cha kanuni hizo kilichoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, na baadhi yao hata nafasi ya kuandika anwani ya malalamiko wameiacha tupu. Tazama nani anapokea, na utakwenda kwa nani kama mlalamikiwa ni huyohuyo.

5. Kupanga tiketi, kuandika kumbukumbu za vikao na kuwapokea wageni ni kazi halisi, na mradi hufa bila hizo. Ila angalieni nani huombwa kuzifanya kila mara. Ukizipenda, dai zitajwe kwenye orodha ya wachangiaji. Ukiwa umekuja kuandika msimbo, sema hapana, na sisi tulio ndani tunapaswa kuipokea bila kununa.

6. Tuma kiraka kikiwa rasimu, kiandike hivyo, kikosolewe mapema. Outreachy haimchagui mwombaji ambaye hajarekodi mchango hata mmoja, awe hodari kiasi gani, na kila awamu kuna anayeniletea msimbo safi kabisa, wenye majaribio na maelezo, siku moja baada ya dirisha kufungwa.