Shanga za karatasi zinafumuka

SWALI: Shangazi, nakata magazeti ya zamani natengeneza shanga za mkufu. Baada ya muda zinafumuka, na fundo la nailoni nalo linalegea. Nakosea wapi?

JIBU: Mwanangu, bila shaka gundi unaitia mwishoni tu. Kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu kama 25. Viringisha kwenye kijiti cha meno kuanzia upande mpana, ukikaza. Mizunguko ya kwanza iache kavu, la sivyo shanga itang'ang'ania kijiti. Kisha paka gundi nyembamba mpaka kwenye ncha, nayo ncha itue katikati kabisa. Ikienda kombo unapata konokono, si shanga. Ikishakauka vizuri, ipake mara 2 ile rangi ya kucha angavu. Midomo ya tundu usiisahau, maana jasho hupenyea hapo.

Nailoni inateleza. Pitisha ncha mara 2 kwenye kitanzi kabla ya kukaza, dondoshea gundi kidogo, halafu vuta fundo liingie ndani ya shanga. Mimi hata hivyo napendelea uzi wa pamba uliotiwa nta: unashika fundo bila ubishi.