Saa nene au bangili nyembamba?

Dada, umesema unaishi Mbale, unakimbia asubuhi mara tatu kwa wiki, na umekwama kati ya saa ya Garmin Instinct 2 na bangili ya Xiaomi Smart Band 7. Swali langu la kwanza: mbioni unakwenda na simu?

Bangili hiyo haina GPS yake, yaani kipokezi cha setilaiti cha kujua ulipo, inaazima ya simu. Ukiiacha simu nyumbani, umbali unaopewa ni wa kukisia kutokana na hatua. Kwenye barabara tambarare si neno. Lakini ukipanda kuelekea Wanale hatua zinafupika, na hesabu inaharibika. Instinct inashika setilaiti yenyewe, tena ina kipimo cha mwinuko. Kama moyo wako uko milimani, dunduliza fedha taratibu uinunue hiyo, usikubali kuharakishwa na muuzaji.

Kulala na Instinct ndiyo kazi. Ina gramu 52, na yangu ilikuwa ikinasa kwenye chandarua kila nikijigeuza. Bangili ina gramu 13.5 bila mkanda, utaisahau mkononi. Ikiwa unachotaka hasa ni kufuatilia usingizi na mapigo ya moyo, inakutosha kabisa.

Yoyote utakayochukua, ivae upana wa kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono, ikaze kiasi. Ikilegea, ile taa ya kijani inayosoma mapigo hukosea, utaona namba za kukutisha bure. Na suuza mkanda kila ukirudi. Jasho likichanganyika na vumbi huchubua ngozi.